Jinsi ya kupanga kumi bora yako ya muvi za mwaka 1985

Chagua mwaka mmoja. Hiyo ndo sheria ya kwanza na ndo inayowashinda wengi, maana mtu ukimwambia akupangie muvi zake kali za enzi zile anakumwagia Commando, Predator, Bloodsport, Terminator na Sholay humo humo, anakwambia zote ni za miaka ya themanini, wakati Sholay ni ya 1975 na hizo nyingine kila moja ina mwaka wake. Hapo hujapanga kitu, umetaja tu unazozikumbuka. Raha ya mwaka mmoja ni kwamba unabanwa, huwezi kukimbilia Predator ukiona mambo magumu, inabidi uchimbe mle mle mpaka ukute vitu ulivyokuwa umeshavisahau kabisa.

Mimi nashauri uanze na 1985. Wapo watakaokwambia 1984 au 1987 na wana hoja zao, sibishani nao, ila kwa mtu wa Dar 1985 ina kila tulichokuwa tunakipenda: Arnold yupo, Stallone yupo mara mbili, Chuck Norris katoa muvi tatu mwaka mmoja, Jackie Chan yupo kwenye ubora wake, Amitabh yupo, maninja wapo, ile ya maiti za Kichina zinazoruka ruka mikono imenyooka mbele nayo ipo, na hata sisi wenyewe Watanzania tupo, ntafika huko. Halafu ni mwaka ambao wazee wetu wana pa kuushikia, Mwalimu aling'atuka na Mzee Mwinyi akaapishwa tarehe 5 Novemba 1985, kwahiyo ukiwauliza "mwaka ule wa Mwinyi kuingia" wanakuelewa haraka kuliko ukiwatajia namba.

Kabla hujaandika jina hata moja, kubaliana na nafsi yako mwaka wa muvi unahesabiwaje. Mimi nahesabu pale ilipoanza kuonyeshwa kwa watu huko ilikotengenezwa, basi. Sihesabu ilipofika Dar wala nilipoiona mimi, maana tukienda hivyo hatumalizi leo. Bara hatukuwa na televisheni mpaka 1994 (Zanzibar walitutangulia, wao walikuwa nayo tangu miaka ya sabini), kwahiyo mtu wa hapa mjini alikuwa na majumba ya sinema, Empire, Avalon, Empress, Odeon, Cameo, New Chox, na kwa wenye magari ile Drive-In ya Msasani pale ulipo ubalozi wa Marekani sasa hivi, baadae ndo zikazagaa deki na kanda. Picha ilikuwa inafika kwetu imeshazunguka dunia, na wengi wetu muvi za 1985 tumeziona miaka ya tisini tena kwenye kibanda umiza, watu wamebanana kwenye benchi na jua linapiga kwenye mabati. Ukihesabu mwaka ulioiona wewe, basi ndugu yako aliyeiona mapema atakuwa na 1985 yake na wewe ya kwako, mtabishana mpaka asubuhi kumbe hamzungumzii kitu kimoja.

Kwenye mwaka kuwa mkali kama unavyotaka, ila kwenye ladha jiachie. Watu wengi wanafanya kinyume, mwaka wanaulegeza alafu ladha wanaikaza, wanaanza kuweka muvi ambazo hata hawazipendi ili waonekane wanajua sinema.

Mitego ya 1985 ni mingi, ntakutajia ile inayokamata watu kila siku. Terminator ni Oktoba 1984, siyo 1985. Karate Kid na Beverly Hills Cop nazo ni 1984. Delta Force ya Chuck ni 1986. American Ninja ya kwanza ndo ya 1985, ya pili ni 1987, na kwa vile DVD zile za muvi ishirini kwenye diski moja zinazipanga pamoja watu hawakumbuki kipande gani kiko wapi. Missing in Action ndo mtego mzuri kuliko yote, ya kwanza ilitoka Novemba 1984 na ya pili Machi 1985, lakini zilipigwa pamoja na ile iliyoitwa ya pili ndo hadithi yake inaanza mwanzo, jamaa wakaona ile nyingine kali zaidi wakaitanguliza sokoni. Kwahiyo ukimsikia mtu anasema "ile Chuck yuko kambi ya mateka Vietnam anateswa na kanali" hiyo ni ya pili na ndo ya 1985, unaruhusiwa kuiweka.

Rambo nayo ina kesi yake. Ile ya 1982 jina lake ni First Blood, neno Rambo likaja kukaa mbele kabisa kwenye ya 1985, sasa mitaani watu wengi ukiwaambia "Rambo wani" wanakutajia ile ya Vietnam yenye mshale unaolipuka, ambayo ni ya pili. Ile ya Afghanistan ni 1988. Na Commando je? Ipo ya Arnold ya 1985 na ipo Commando ya Kihindi ya Mithun, hiyo ni 1988, kwahiyo mjomba wako akikwambia Commando ina nyimbo usimcheke, hajachanganyikiwa.

Kuna nyingine utazikuta zimeandikwa miaka miwili tofauti kutegemea unasoma wapi. No Retreat, No Surrender, ile Van Damme kacheza Mrusi adui na mzimu wa Bruce Lee unamfundisha dogo karate, wengine wanaiandika 1985 wengine 1986, kwenye majumba ya Marekani iliingia 1986 kwahiyo mimi naitoa, inaniuma ila naitoa. Police Story ya Jackie Chan ilitoka Hong Kong Desemba 1985, hata kama nchi nyingine waliipata baadae sana, hiyo ni ya 1985. Na usidanganyike na tarehe za tuzo: Out of Africa ilibeba Oscar saba kwenye sherehe ya 1986 lakini ni muvi ya 1985, iliyobeba kwenye sherehe ya 1985 ni Amadeus na yenyewe ni ya 1984.

Haya, sasa kusanya. Chukua daftari, siyo simu, kwenye simu utaingia kuangalia kitu kingine utatokea saa sita usiku huko TikTok. Andika kila kinachokujia hata kama hukumbuki jina, andika tukio. "Jamaa anashuka mlimani kabeba gogo begani." "Farasi na mbwa wanamsaidia steringi." "Dada wa Kihindi amevaa sari nyeupe kwenye maporomoko." "Gari linaloenda zamani." Jina utalitafuta baadae, tukio ndo ushahidi kwamba uliiangalia kweli. Ukiishiwa nenda kwa baba mdogo au mjomba aliyekuwa kijana miaka hiyo, mwamkie vizuri, kaa, usimvamie na maswali, mpe jina moja tu la kumchokonoa kama Dudikoff, yule wa American Ninja, alafu tulia, atakumwagia mwenyewe mpaka bei za tiketi.

Njia nyingine ambayo naona wachache wanaitumia: badala ya kutafuta "muvi za 1985" ambapo utapewa orodha za Wamarekani watupu, chukua muigizaji unayempenda, fungua orodha ya kazi zake zote, shuka mpaka 1985 uone alifanya nini. Ukimchukua Chuck Norris unakuta Missing in Action 2, Code of Silence na Invasion U.S.A. Jackie Chan yeye mwaka ule alikuwa hatulii, kuna Police Story, kuna Heart of Dragon, kuna My Lucky Stars, kuna na The Protector aliyoenda kuifanya Marekani hakuridhika nayo, na ule muwasho wa kutoridhika ndo ukamsukuma kuitengeneza Police Story anavyotaka yeye. Danny Glover, yule mzee wa Lethal Weapon, 1985 yuko kwenye Witness, Silverado na The Color Purple, zote tatu mwaka mmoja na kila moja yuko tofauti. Amitabh ana Mard na Geraftaar. Kwa Mithun jiandae, utachoka, jamaa alikuwa anatoa muvi kama anashindana na mtu.

Ukishapata thelathini hivi anza kuchuja. Mchujo wa kwanza hauna huruma, kama hujaiangalia mwanzo mpaka mwisho inatoka, haijalishi sifa zake. Kuna ile ya Kirusi, Come and See, ya vita, ya kijana wa Belarus, wajuaji wote wanaisifia na ni kweli ni nzito kinoma, ila kama uliishia dakika ya arobaini usiiweke ili watu wakuone msomi.

Sasa penye kazi ni kuziangalia upya. Huwezi kupanga kwa kumbukumbu, na sababu kubwa ni kwamba sisi wengi hatukuangalia hizi muvi, tuliangalia muvi pamoja na mtu. Lufufu na waliomfuata walikuwa wanatafsiri juu kwa juu, wanaongeza vituko, wanampa Arnold maneno ambayo Arnold mwenyewe hajawahi kuyawaza, wanawapa majambazi majina ya kitaani, na pale hadithi inapopooza wao wanaipasha. Kazi ya maana sana ile na naiheshimu, ila ukikaa kupanga bila kuiangalia ile picha na sauti yake unaweza kujikuta unampa namba moja msimuliaji. Ipo muvi moja ya maninja sitaitaja, nilikuwa naiona ya maana kabisa, kumbe utamu wote ulikuwa wa mtafsiri, bila yeye ni watu wamevaa soksi usoni wanakimbizana msituni. Kama unataka, tengeneza orodha mbili, moja ya muvi na moja ya muvi zilizotafsiriwa, ila usizichanganye.

Kwahiyo angalia kwa sauti yake, weka maandishi ya chini kama lugha haipandi, na anza dakika ya kwanza. Kibanda umiza tulikuwa tunaingia katikati, tunakaa mpaka ianze tena ndo tunaunga mwanzo, wengi hatujui Commando inaanzaje. Inaanza na watu wanauliwa mmoja mmoja alafu inahamia Arnold na binti yake wanakula aiskrimu na kumlisha mnyama, ni kitu cha kuchekesha ukizingatia kinachokuja. Kwa za Kihindi hakikisha unaangalia nzima, zile VCD zilikuwa zinakatwa diski mbili au tatu na diski ya mwisho ndo hiyo hiyo yenye mikwaruzo, wapo watu wazima mjini hapa hawajui Mard inaishaje. Utazipata wapi? Nyingine zipo kwenye huduma za kulipia za intaneti, ukiwa na bando la usiku unashusha, nyingine itabidi uzunguke Kariakoo au Makumbusho kwa wauza diski uombe kwa jina na mwaka, na umwambie kabisa unataka isiyotafsiriwa maana asipoambiwa anakupa iliyotafsiriwa, ndo inayotoka.

Toleo nalo liangalie. Stallone alirudi kuikata upya Rocky IV akaitoa 2021 kwa sura nyingine, imebadilika kweli, lakini hiyo siyo muvi ya 1985, panga ile ya zamani.

Ukimaliza kuangalia usitoe maksi. Najua utataka, hadithi kumi, ngumi kumi, muziki kumi, jumla unagawanya, inaonekana ya kisomi. Haifanyi kazi, maana mwisho wa hesabu utakuta muvi usiyoipenda imeongoza kwa sababu haina kasoro, na ile unayoipenda imeanguka kwa sababu ina helikopta ya uongo. Badala yake andika kila muvi kwenye kikaratasi, zipambanishe mbili mbili, na swali liwe moja tu: leo umeme upo, watoto wamelala, una nafasi ya kuangalia moja, unaweka ipi? Usijieleze, jibu haraka. Muvi mpya inaingia chini kabisa, inapambana na iliyo juu yake, ikishinda inapanda hatua moja, inapambana tena, mpaka ikutane na inayoishinda. Kumi bora ukizikutanisha kila moja na kila nyingine ni mechi 45, ila kwa njia hii ya kupandisha utafanya chache kuliko hizo.

Kuna kitu kitakutokea, A itaipiga B, B itaipiga C, alafu C inaipiga A. Usipaniki wala usitafute hesabu. Maana yake hizo tatu ziko ngazi moja na swali la leo usiku halitoshi kuzitenganisha, kwahiyo uliza lingine: ipi kati ya hizo ukikosa kuiona tena maisha yako yote itakuuma? Hapo huwa panatulia. Kufungana hakuruhusiwi, mtu akiweka namba tatu mbili huyo kakimbia.

Utapata shida pia kupambanisha vitu visivyofanana, Ran ya Kurosawa ya masaa mawili na dakika arobaini dhidi ya Commando ya dakika tisini, mzee wa Kijapani anasalitiwa na watoto wake dhidi ya jamaa anaua kisiwa kizima. Lile swali la umeme linasaidia, lakini liulize siku tofauti, siku umechoka na siku umepumzika, maana siku umechoka Ran haitashinda hata mechi moja na siyo haki. Na jitoe kwenye ile ya steringi hafi. Dar tumelelewa hivyo, steringi akifa muvi inahesabiwa mbovu na aliyelipa hela anadai. Kwenye Rocky IV Apollo, rafiki yake Rocky, anakufa ulingoni na ndo moyo wa muvi nzima, bila kifo kile huna sababu ya kwenda Urusi kupandisha milima na theluji.

Kila namba iandikie sentensi moja ya sababu. Sheria yake ni kwamba sentensi hiyo isiweze kuhamia kwenye muvi nyingine. "Muvi kali sana steringi anapiga kinoma" inaenda kwenye muvi mia tatu, futa. Ukikosa sentensi ya muvi fulani hata baada ya kuiangalia upya, ishushe, huenda hukuipenda kihivyo.

Yangu nakuwekea hapa ili uone namaanisha nini, siyo ili uige.

Kumi ni American Ninja. Dudikoff haongei, hadithi ni ya kuokoteza, mwisho jambazi anatoa mwanga wa leza mkononi, ila Steve James yule rafiki yake anapiga kwa raha mpaka unajiuliza kwanini yeye siyo steringi. Tisa ni Ran, kwa sababu ya yale mapigano ya ngome ambapo sauti zote zinazimwa unabaki na muziki tu wakati watu wanakufa. Ingekuwa juu zaidi kama ningekuwa na muda mwingi, ndo ukweli.

Nane, The Last Dragon. Hii wengi wa Dar wanaipita, ni ya kijana mweusi wa New York anayetaka kuwa Bruce Lee na kuna jambazi anajiita Shogun wa Harlem ambaye kila akiingia muvi inakuwa yake. Kuna sehemu wako ndani ya jumba la sinema wanaangalia Bruce Lee, watu wanapiga kelele, wanajibizana na skrini, kijana anakula bisi kwa vijiti vya Kichina, ile kelele ya ukumbi ni yetu kabisa.

Saba, Arusi ya Mariamu. Ndiyo, ya kwetu, ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, dakika 36 tu, mwanamke anaumwa, hospitali inashindwa, anapelekwa kwa mganga wa jadi. Utaulizwa fupi inaruhusiwaje kukaa na ndefu, jibu ni kwamba sheria tuliyoweka ilikuwa ya mwaka, urefu hatukuuwekea sheria. Nimeiweka juu ya Ran kwa sababu hofu ya yule mama kwa waganga inaonyeshwa bila kumcheka mtu, si yeye si mganga, na hiyo mpaka leo muvi zetu zinashindwa, mganga kwetu lazima awe na macho mekundu na kicheko.

Sita, Ram Teri Ganga Maili, ya mwisho Raj Kapoor kuongoza. Watu wanakumbuka maporomoko tu, na najua kwanini wanayakumbuka, lakini kaa uangalie yule binti anavyotoka milimani na mtoto mchanga kumtafuta mumewe mpaka Calcutta, na jinsi kila mji anaopita unamchafua zaidi, Raj Kapoor alikuwa anausema mto na nchi kwa wakati mmoja. Nyimbo sizungumzii, utaziimba mwenyewe. Tano, Rocky IV, muvi ambayo sehemu kubwa ni watu wanafanya mazoezi na muziki unapiga na bado huwezi kutoka kwenye kiti, mmoja anabeba magogo kwenye theluji mwingine ana mashine na sindano.

Nne, Back to the Future. Iliuza kuliko zote duniani mwaka ule na ilistahili, hakuna kitu kwenye nusu saa ya kwanza ambacho hakina kazi mwishoni, ile saa ya mnara, lile gitaa, hata karatasi ya mchango. Ila ni muvi ya kuisifia zaidi kuliko ya kuipigia kelele, ndo maana haijaingia tatu bora.

Tatu ni Mard na hapa sitaki mtu aniguse. Baba mtu, Dara Singh, anazuia ndege kwa kamba. Kwa kamba! Alafu anamchora mtoto mchanga neno kifuani kwa kisu na mtoto anacheka. Amitabh wakati huo alikuwa ameshaingia bungeni kwao India na bado anaendesha mkokoteni wa farasi anawanyanyasa Waingereza kwa maneno kabla ya ngumi. Manmohan Desai, muongozaji wake, hakuwahi kuona aibu ya uongo, anakupa uongo mkubwa kiasi kwamba ukiukataa unakuwa wewe ndo mshamba.

Mbili, Commando. Ndege inachukua masaa kumi na moja kufika, Arnold anaruka nje kupitia kwenye tairi wakati inapaa, anaweka saa, basi kuanzia hapo muvi ina mwendo ambao Rambo haina. Na yule dada anayemsaidia, Rae Dawn Chong, ndo siri ya muvi, yeye anashangaa kwa niaba yetu, na pale anapolishika bomba la roketi kinyumenyume ukumbi mzima ulikuwa unakufa kwa kicheko.

Moja, Police Story. Gari zinashuka mlimani zinabomoa mtaa wa mabanda, Jackie ananing'inia kwenye basi kwa mwavuli, alafu ule mwisho wa kwenye duka kubwa vioo vinavunjika mpaka unahurumia wafagiaji, na anashuka na ile nguzo iliyozungushiwa taa, viganja vikaungua kweli, siyo mambo ya kompyuta. Hii nimeipambanisha na Commando siku nimechoka, siku nimepumzika, siku nina wageni, inashinda zote, kwa sababu Commando nikijua kinachokuja nacheka tu, ila hii nikijua kinachokuja bado nafumba macho.

Zilizobaki nje najua zitaleta maneno. Mr. Vampire, ile ya maiti zinazoruka ruka, ilikufa mkononi mwa Ran kwa tofauti ndogo sana. Code of Silence ndo Chuck bora ya mwaka ule na ina roboti ya polisi, ila haikupanda. Out of Africa imepigwa Kenya, nchi inapendeza, ila Wakenya wenyewe wamewekwa kama miti ya pembeni ya barabara, na ni ndefu. Na Rambo, ndiyo, Rambo iko nje, namba kumi na moja. Ile saa ya mwisho na helikopta ni moto, lakini kabla ya hapo kuna maneno mengi ya maofisa na kompyuta, na kila nilipoipambanisha na American Ninja mkono ulienda kwa Steve James. Anayetaka irudi aje na sentensi yake moja ya muvi yenyewe, na asije kunihesabia kwamba Dar nzima tulibebea nyanya kwenye mifuko ya rambo mpaka serikali ilipoipiga marufuku 2019, hiyo sentensi ni ya mifuko.